Utando wa Mikroni Tatu: Hotuba kuhusu Kufunika Zana za Kukatia kwa Plazma

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa vyuo vya ufundi, mafundi wa kukereza na kufreza, wanafunzi wa uhandisi mitambo, mabibi na mabwana,

Kila aliyewahi kununua vifaa vya karakana ameiona biti ya drili yenye rangi ya dhahabu ikiuzwa kando ya biti ya kawaida ya kijivu, tena kwa bei iliyo juu zaidi. Rangi ile haikupakwa kwa brashi wala kwa kuchovya. Ni nitridi ya titani, kampaundi ya titani na nitrojeni, iliyojengwa juu ya chuma atomi kwa atomi ndani ya chemba iliyoondolewa hewa. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 2 hadi 4, na kwa kuwa mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, maikrometa ya kawaida ya karakana, ambayo husoma sehemu ya mia ya milimita, haiwezi kuupima. Hata hivyo ganda hilo jembamba ndilo linaloamua kama biti itatoboa matundu machache kisha ianze kulia, au itaendelea na kazi ile ile kwa muda mrefu kabla ya kurudishwa kwenye jiwe la kunolea.

Nimeombwa kueleza jinsi utando huo unavyotengenezwa kwa plazma, nami nitafanya hivyo. Lakini nitatumia nafasi hii pia kutetea jambo moja ambalo naliamini kwa dhati na ambalo naona linasahauliwa, katika maduka na katika karakana vilevile: ubora wa utando huamuliwa na uso wa chuma uliokuwapo kabla ya utando wenyewe kuwapo. Jinsi uso huo ulivyonolewa, jinsi ulivyosafishwa, na jinsi ulivyopigwa na ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, katika dakika za mwisho kabla nitridi haijaanza kujengeka, ndiko kunakotenganisha zana ya kazi na zana ya maonyesho.

Tuanze na adui. Wengi hudhani kwamba makali huisha kwa kusuguliwa tu. Kusuguliwa kupo, ila kinachoyamaliza makali haraka zaidi, hasa kasi inapopanda, ni joto na kemia inayoletwa na joto. Chuma kinapokatwa, maranda hujikunja na kuteleza juu ya uso wa zana kwa mgandamizo mkubwa mno, na mahali penye joto kali kuliko pote ni nyuma kidogo ya ncha, pale maranda yanapopita yakisugua. Ukikereza feleji kwa kisu cha kabaidi ya tungsteni, kampaundi ngumu ya tungsteni na kaboni, kwa kasi kubwa, joto la mahali hapo linaweza kufika nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi. Katika joto hilo atomi za zana huanza kupenya na kuingia ndani ya maranda yanayopita, yakaondoka nazo, na uso wa zana ukachimbika kishimo. Kishimo hicho hukua taratibu kuelekea kwenye makali, na siku kinapoyafikia, makali hukatika ghafla, mara nyingi pamoja na kazi iliyokuwa mashineni.

Historia ya zana za kukatia ni historia ya kukimbizana na joto hilo. Mwaka 1900, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilionyesha zana za Frederick Taylor na Maunsel White zilizokata feleji huku ncha zake zikiwa nyekundu kwa joto, na hapo ndipo ilipotokea jamii ya feleji ambayo hadi leo tunaiona imegongwa herufi HSS, yaani feleji ya kasi, kwenye mashina ya biti zetu. Mwaka 1923 Karl Schröter wa Ujerumani aliomba hataza ya kabaidi ya tungsteni iliyoshikamanishwa kwa kobalti, na miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza. Kila hatua iliongeza kasi ya kukata, na kila hatua ilikutana na tatizo lile lile: nyenzo iliyo ngumu sana huvunjika upesi, na nyenzo isiyovunjika upesi huwa laini. Ukitafuta kitu kimoja chenye sifa zote mbili, utatafuta sana.

Njia ya kutoka hapo ilikuwa kugawa kazi. Mwili wa zana ubebe nguvu, uso wake ubebe joto na msuguano. Mwaka 1969 kampuni ya Sandvik Coromant ya Uswidi ilitoa sokoni vipande vya kabaidi vilivyofunikwa kwa kabaidi ya titani, vilivyotengenezwa kwa kupitisha gesi juu ya zana katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1000, gesi hizo zikavunjika na kuacha utando. Njia hiyo ni nzuri, na hadi leo hutumika kwa vipande vingi vya kukerezea feleji na chuma cha kusubu. Lakini haikuwafaa wenye zana za HSS. Feleji hiyo hutiwa ugumu wake wa mwisho kwa kupashwa joto la karibu nyuzi 550. Ukiiweka kwenye tanuri la nyuzi 1000, ugumu wote unaondoka, na biti ndefu na nyembamba hutoka imepinda. Biti za drili, zana za kukata hesi, na zana za kukatia meno ya gia zilibaki bila kinga. Zilihitaji utando mgumu unaojengeka kwenye joto la chini ya nyuzi 500, na hapo ndipo plazma ilipoingia.

Plazma ni gesi ambayo atomi zake zimenyang'anywa elektroni, ikawa mchanganyiko wa ioni zenye chaji chanya na elektroni zilizo huru. Kwa fundi, maana ya jambo hili ni moja tu, nayo ni kubwa: ioni ina chaji, na kitu chenye chaji kinaweza kuvutwa kwa umeme. Atomi ya kawaida ya titani inayoelea chembani hutua juu ya chuma popote inapotua, polepole, na hushika kwa unyonge. Ioni ya titani huvutwa. Ukiipa zana volteji hasi ya volti 100, kila ioni iliyopoteza elektroni mbili huifikia zana ikiwa imeongezewa nishati ya elektroni-volti 200, na nishati hiyo hufanya kazi ambayo joto la tanuri lingefanya, ila huifanya kwenye tabaka za juu kabisa za atomi, huku mwili wa zana ukibaki salama.

Jinsi ya kupata ioni nyingi za titani lilikuwa swali gumu. Thomas Edison alikuwa ameshataja matumizi ya tao la umeme ndani ya ombwe katika hataza aliyopewa mwaka 1894, lakini wazo hilo halikufika kwenye zana za kukatia. Kazi kubwa ilifanyika katika Taasisi ya Fizikia na Teknolojia ya Kharkiv, nchini Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Leonid Sablev na wenzake walibuni chanzo cha plazma kinachotumia tao la umeme kuvukiza chuma ndani ya ombwe, wakapata hataza Marekani mwaka 1974, na mashine zilizojengwa juu ya kazi hiyo, zilizoitwa Bulat, zikaanza kufunika zana katika viwanda vya Kisovieti. Karibu na mwaka 1980 ujuzi huo ulivuka kwa leseni hadi Marekani. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Balzers ya Liechtenstein ilikuwa ikivukiza titani kwa miale ya elektroni, na zana za rangi ya dhahabu zikaenea katika viwanda vya Ulaya. Nasema haya kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kila mbinu ya kiwandani ilizaliwa kwenye nchi inayotuuzia bidhaa. Hii ilitoka kwa wanafizikia wa Kharkiv, na inastahili kukumbukwa hivyo.

Sasa tuingie chembani. Zana hupangwa zikiwa zimesimama kwenye vishikio vinavyozunguka, na vishikio vyenyewe viko juu ya meza inayozunguka, kwa sababu ioni husafiri kwa mstari ulionyooka na upande usioielekea kathodi, yaani bamba la titani linalotoa ioni, hubaki mtupu. Pampu huondoa hewa hadi kanieneo ya takriban sehemu moja ya elfu ya paskali, yaani sehemu moja ya milioni mia ya kanieneo ya hewa tunayovuta humu ukumbini. Zana hupashwa joto hadi nyuzi 400 au 450. Kisha tao huwashwa kwenye bamba la titani lililo ukutani mwa chemba.

Ukitazama kupitia kidirisha cha kioo, utaona madoa meupe yenye kung'aa yakikimbia ovyo juu ya uso wa bamba, yakizimika na kuzaliwa upya bila kutulia. Volteji ya tao hilo ni ndogo, karibu volti 20, ambayo mchomeleaji yeyote ameizoea. Mkondo wake ni ampea 60 hadi 100. Lakini mkondo huo wote hupita kwenye madoa yenye upana wa mikroni chache tu, na hakuna chuma kinachoweza kustahimili umeme mwingi kiasi hicho mahali padogo kiasi hicho. Titani hapo hulipuka kuwa plazma. Sehemu kubwa ya kinachotoka ni ioni, mara nyingi zilizopoteza elektroni mbili, na hutoka kwa mwendo wa karibu kilomita 15 kwa sekunde. Sehemu nyingine ya bamba, milimita chache tu kutoka kwenye doa, hubaki ya baridi kwa sababu nyuma yake kuna maji yanayozunguka.

Hatua inayofuata ndiyo ninayotaka muiangalie kwa makini kuliko nyingine zote. Kabla nitrojeni haijaingizwa, zana hupewa volteji hasi kubwa, volti 600 hadi 1000, na ioni huzipiga kwa nguvu kiasi kwamba badala ya kujenga zinachimba. Hung'oa tabaka la oksidi, hung'oa mabaki ya mwisho ya uchafu, na baadhi yake hujichimbia ndani ya chuma chenyewe, ili mpaka kati ya chuma na utando usiwe mstari mkali. Hudumu dakika chache. Baada ya hapo volteji hupunguzwa hadi volti 50 au 200, nitrojeni hufunguliwa hadi kanieneo ya paskali 1 au 2, na nitridi ya titani huanza kujengeka kwa kasi ya mikroni moja hadi tatu kwa saa. Mwishoni zana huachwa zipoe ndani ya chemba. Mwendeshaji asiye na subira akifungua mlango zikiwa bado za moto, hewa huzigusa na dhahabu hugeuka kahawia au buluu.

Zile dakika chache za kuchimba haziwezi kurekebisha kila kitu. Ioni huondoa tabaka la oksidi lenye unene wa atomi kadhaa. Haziondoi mafuta ya kuzuia kutu yaliyokauka, wala alama ya kidole, wala nta. Zana husafishwa kwanza kwa maji ya dawa na mawimbi ya sauti yasiyosikika, huoshwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, na kukaushwa. Dawa nayo ichaguliwe kwa akili, kwa sababu dawa kali isiyofaa hula kobalti kwenye uso wa kabaidi na kuacha punje za kabaidi zisizo na kitu cha kuzishika. Utando utashika vizuri kabisa juu ya punje hizo, na punje zitang'oka pamoja nao. Zana iliyounganishwa kwa aloi yenye zinki au kadimiamu isiingizwe kabisa, kwa kuwa metali hizo huvukiza ndani ya ombwe na kuchafua kila kilichomo.

Kisha kuna kunoa. Jiwe lililoshindiliwa kwa haraka huunguza uso wa feleji na kuacha ngozi nyembamba iliyolainika au iliyopasuka, ngozi ambayo jicho halioni. Vibanzi vilivyobaki ukingoni mwa makali hufunikwa nitridi vilevile, vikang'aa dhahabu, na kwenye tundu la kwanza vikavunjika, vikaacha makali ya uchi. Nitridi ya titani ina ugumu wa karibu 2000 hadi 2400 kwa kipimo cha Vickers, HSS iliyotiwa ugumu vizuri ina 800 au 900. Tofauti hiyo inabebeka. Lakini kama chuma cha chini kimelainika, utando unakuwa ganda la yai lililowekwa juu ya ugali: ugumu wake hauna faida, kwa sababu kinachoushikilia kinabonyea.

Ndiyo maana viwanda vinavyojiheshimu hupima mshiko, na havitosheki na kutazama rangi. Kipimo kinachotumika sana ni rahisi hata kwa karakana ndogo yenye mashine ya Rockwell ya kupimia ugumu. Koni ya almasi hugandamizwa juu ya zana iliyofunikwa kwa mzigo wa kilo 150, halafu shimo linalobaki hutazamwa kwa hadubini. Ukiona nyufa nyembamba tu zikitoka pembeni mwa shimo kama miale, mshiko ni mzuri. Ukiona utando umebanduka vipande vipande kulizunguka shimo, zana hiyo haifai kupelekwa kazini. Unene nao hupimwa kwa kuzungusha mpira mdogo wa chuma wenye unga wa almasi juu ya utando hadi uchimbe kidimbwi, kisha kusoma upana wa duara mbili zinazoonekana.

Tao la umeme lina kasoro yake. Pamoja na ioni, kila doa hurusha matone madogo ya titani iliyoyeyuka, na matone hayo hutua juu ya zana na kugandia ndani ya utando kama vichuguu vyenye upana wa mikroni moja au zaidi. Kwenye biti ya kutobolea mabamba hayana madhara makubwa. Kwenye zana ya kukata hesi, ambayo mifereji yake ni myembamba na maranda yanahitaji kuteleza, ukwaruzo huo husumbua, na hivyo zana hupigwa msasa laini au kurushiwa unga laini baada ya kufunikwa. Njia nyingine ni kuachana na tao na kutumia magnetroni, ambapo ioni za gesi ya agoni huligonga bamba la titani na kung'oa atomi moja moja, bila matone. Uso wa utando wake hauna vichuguu, lakini ioni za titani ni chache, na mshiko wake ukawa dhaifu kwa miaka mingi. Mwaka 1999 Vladimir Kouznetsov na wenzake huko Linköping, Uswidi, walionyesha kwamba magnetroni ikipewa umeme kwa mipigo mifupi yenye nguvu kubwa sana, sehemu kubwa ya atomi zinazong'olewa hugeuka ioni. Mbinu hiyo sasa imo viwandani, ingawa tao bado ndilo linalofanya kazi nyingi.

Nije kwenye utando ambao kwangu ni wa ajabu kuliko wote. Nitridi ya titani huanza kuungua na oksijeni ya hewa kwenye joto la kati ya nyuzi 500 na 600, na oksidi inayotokea haiulindi utando uliobaki. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti walianza kuchanganya alumini kwenye bamba la titani, na matokeo yakawa nitridi ya titani na alumini, yenye rangi ya zambarau iliyoiva hadi nyeusi. Hiyo hustahimili hadi karibu nyuzi 800 na zaidi, kwa sababu inapopata moto alumini hupanda juu na kutengeneza ngozi ya oksidi ya alumini, iliyoshikana na isiyopitisha oksijeni. Makali yanapopata moto ndipo ngao inapojengeka.

Lakini kuna zaidi ya ngao. Titani na alumini katika nitridi hii hazipendi kukaa pamoja. Plazma ndiyo iliyozilazimisha, kwa kuwa ioni zilitua na kuganda kabla hazijapata nafasi ya kujitenga. Utando ukifikia nyuzi 800 au 900 wakati wa kukata, atomi hupata nguvu ya kutembea, na fuwele hujigawa ndani kwa ndani kuwa vijisehemu vyenye titani nyingi na vyenye alumini nyingi, kila kimoja kikiwa na upana wa nanomita chache tu. Mipaka hiyo mingi hukwamisha kila kinachotaka kuteleza ndani ya fuwele, na ugumu huongezeka. Utando unakuwa mgumu zaidi ukiwa kazini kuliko ulivyokuwa dukani. Hali hiyo ina ukomo: joto likizidi, nitridi ya alumini hubadili umbo la fuwele yake na ugumu hushuka, na alumini ikizidi takriban theluthi mbili ya metali iliyomo, umbo hilo dhaifu hutokea tangu mwanzo. Ndani ya mipaka hiyo, sifahamu nyenzo nyingine ya karakana inayofanya hivi.

Kutokana na hayo, uchaguzi wa utando ni uchaguzi wa kazi. Anayefreza feleji iliyotiwa ugumu kwa kisu cha kabaidi, kwa kasi, bila maji, atumie nitridi ya titani na alumini, na asiogope moto. Anayetoboa kwa drili ya mkono kwa mwendo mdogo hatafaidi utando huo wa bei ghali, kwa sababu joto lake halifiki mahali ngao inapojengeka. Nitridi ya titani ya dhahabu inamtosha. Anayekata alumini aepuke utando wenye alumini, kwani alumini ya kazi hupenda kuganda juu yake. Zana tupu iliyong'arishwa vizuri, au yenye utando wa kaboni mgumu unaokaribia almasi, itamtumikia vyema. Utando huo wa kaboni nao usipelekwe kwenye feleji kwa kasi, kwa kuwa chuma chenye moto huinyonya kaboni. Kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho hujigumisha kila kinaposuguliwa bila kukatwa, makali makali na msukumo usiositasita ni muhimu kuliko aina ya utando.

Hapa kwetu kuna kazi moja inayoonyesha haya yote kwa uwazi, nayo ni kutoboa springi za magari. Fundi huchukua jani la springi, feleji iliyotiwa ugumu na joto, huweka biti ya dhahabu kwenye drili, huizungusha kwa mwendo wa juu kabisa na kuegemea kwa uzito wa mwili. Ncha hupata moto, chuma cha chini ya utando hulainika, pembe za nje za biti huviringika, na fundi huilaani dhahabu. Itazame biti hiyo kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi utaikuta nitridi bado ipo ndani ya mfereji, safi kabisa, na mwili wa biti ndio uliokufa. Ingepungua kasi, ikatiwa mafuta ya kukatia, na ikasukumwa bila kusita, biti ile ile ingetoboa. Feleji ya springi iliyo ngumu zaidi inahitaji biti ya HSS yenye kobalti au ya kabaidi, na hapo tena mwili ndio unaoamua.

Hii ndiyo sababu naomba wanunuzi wa karakana waache kuuliza rangi kwanza. Nitridi nyembamba ya dhahabu inaweza kuwekwa juu ya feleji yoyote, iwe HSS ya kweli au chuma duni, na jicho halitatofautisha. Soma kilichogongwa kwenye shina. Tazama makali kwa kioo: kama kuna vibanzi, kama mifereji miwili hailingani, kama ncha haiko katikati, utando hauwezi kuiokoa biti hiyo. Kisha chukua moja, itoboe tundu kwenye feleji ya kawaida, uone kama dhahabu imebanduka vipande ukingoni au imechakaa taratibu.

Limeulizwa mara nyingi swali kama nchi zetu ziwe na vituo vyake vya kufunika zana. Naunga mkono, kwa sharti. Mashine ya plazma ni ghali, na hulipa gharama zake inapojazwa zana kila inapowashwa. Karakana moja haiwezi kuijaza, lakini viwanda vya sukari, vya saruji, vya mabati, karakana za reli na watengenezaji wa vipuri wakikusanya zana zao wanaweza. Lakini mashine hiyo itakayoletwa kabla hatujawa na mashine nzuri za kunoa, watu waliofunzwa kuzitumia, na chumba cha kusafishia kinachoendeshwa kwa nidhamu, itatoa dhahabu inayobanduka. Fedha ya kwanza iende kwenye kunoa.

Na kunoa zana iliyofunikwa kuna utaratibu wake. Biti ya drili hunolewa nyuma ya makali, kwenye ncha. Utando wa ncha huondoka, ule wa ndani ya mfereji hubaki, na kwa kuwa mfereji ndiko maranda yanakopita, biti iliyonolewa bado hufaidi sehemu kubwa ya kinga yake. Zana ya kukatia meno ya gia hunolewa kwenye uso wa mbele, na utando wa ubavuni hubaki. Kwa hiyo zana isitupwe kwa sababu dhahabu ya ncha imekwisha, na isiachwe ikate hadi ichakae sana, kwa kuwa kadiri inavyochakaa ndivyo inavyolazimu kuondoa chuma kingi. Inapopelekwa kufunikwa tena, utando wa zamani uondolewe kwanza kila baada ya mizunguko michache, kwa sababu tabaka zikirundikana, mkazo ulio ndani yake, ambao hufikia gigapaskali kadhaa, huzibandua ukingoni. Kwa HSS, nitridi ya titani huondolewa kwa dawa yenye peroksidi ya hidrojeni bila kuidhuru feleji; kwa kabaidi dawa hiyo hushambulia kobalti, na kazi hiyo aachiwe mwenye uzoefu.

Ombi langu kwa wakuu wa karakana mliopo ni kwamba kuanzia wiki ijayo muweke daftari kando ya kila mashine, na kila biti au kisu kinapokwenda kunolewa iandikwe imetoboa matundu mangapi, kwenye chuma gani, kwa mizunguko mingapi kwa dakika, na ilikuwa na utando gani. Leteni na zana zenyewe zilizochakaa. Nina kioo cha kukuzia na hadubini ndogo hapa mezani, na tunaweza kuanza na zile mlizokuja nazo leo.